Eti Hakuwa Mkanamungu wa Ukweli

Wacha nianze na dhambi yangu, hata kama hilo neno mimi silitumiangi.

Mwaka jana beshte yangu alibatizwa. Si ule ubatizo wa kumwagiwa maji kwa paji la uso ukiwa mtoto na umelala. Alizamishwa mzima mzima kwa tangi nyuma ya kanisa la mabati, miaka 23, fulana nyeupe iliyomzidi saizi. Akapandisha picha tatu. Huyu ni msee ambaye mimi na yeye tuliendesha ukurasa mmoja kwa miaka miwili na nusu, na kazi ya ule ukurasa ilikuwa kuuliza maswali ambayo wachungaji hawapendi kuulizwa. Yeye ndiye alikuwa anasoma vitabu. Mimi nilikuwa sura na mdomo. Sasa hapo kwa picha ya tatu anatoka majini, macho mekundu, anacheka.

Komenti hazikukawia. Mmoja akaandika, "Huyu hakuwahi kuwa mkanamungu, alikuwa anatafuta laiki." Mwingine, "Njaa mbaya." Kisha ikaja moja iliyopata vicheko kuliko zote: "Pole buda, tutakutafuta Shakahola."

Hiyo ya Shakahola niliandika mimi.

Kwa wale walio mbali: Shakahola ni msitu kaunti ya Kilifi. Kuanzia 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa huko, watu walioambiwa wafunge kula mpaka wafe ndio wakutane na Yesu. Watoto wakiwemo. Mimi nikachukua yale makaburi nikayafanya utani wa kumwosha mtu ambaye, karo iliponishinda mwaka wa pili na nikaacha chuo, alinipa nusu ya godoro lake miezi minne na hakuwahi kuniuliza hata ya stima.

Ile komenti nimeifuta. Skrinshoti bado zinatembea, mnazo, najua. So leo sijakuja kujitetea. Nimekuja kupigana na ile komenti ya kwanza, kwa sababu yangu ilikuwa ukatili na kila mtu aliuona, lakini ile ya kwanza inajifanya ya akili. Nimeisikia mara mia: mkanamungu wa ukweli, yule aliyefikiria mpaka mwisho, hawezi kuamini tena. Akiamini, basi hakuwa mmoja wetu tangu mwanzo. Mimi nasema huo ni uongo, ni uvivu, na unatufanya tufanane na wale tuliokuwa tunawacheka.

Na kabla hamjaanza: mimi bado siamini. Wale mnaandaa "Bwana asifiwe" huko chini, hifadhini bando.

Wazee wa mtandao wanakumbuka mwisho wa Mei 2021. Seth Mahiga, katibu wa Atheists in Kenya, alijiuzulu. Rais wa chama, Harrison Mumia, akatoa taarifa kwamba katibu wao amempata Yesu Kristo na hana tena haja ya kueneza ukanaji Mungu. Akamtakia heri, akasema nafasi iko wazi. Habari ikazunguka dunia nzima, kutoka Nairobi mpaka magazeti ya Uingereza na Marekani. Mahiga akaonekana kanisani akieleza kwamba amekuwa akipitia magumu maishani. Na hapo ndipo pande zote mbili zikapata chakula. Waumini wakasema, mnaona, hata wao wanajua Mungu yuko. Wenzetu wakasema, mnaona, maisha ilimbana, hakuwa wa ukweli.

Hebu tulia na hii "hakuwa wa ukweli". Sensa ya 2019 ilihesabu watu 755,750 wasio na dini, kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 47. Hiyo haifiki hata wawili kwa kila mia. Chama chenyewe kilisajiliwa Februari 2016, na mwaka huo huo usajili ukasimamishwa, wakaupigania kortini. Katiba yetu inaanza kwa kumtambua Mwenyezi Mungu, halafu kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa, halafu kifungu cha 32 kinakupa uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Hivyo ndivyo tunaishi. Kwa karatasi uko huru. Nyumbani shangazi anauliza ni nani alikuroga. Sasa mtu anakubali jina lake na uso wake viwekwe kwa chama kama hicho, kwa nchi kama hii, karibu mwaka na nusu, na wewe ambaye akaunti yako ina picha ya katuni unasema hakuwa serious vya kutosha? Alihitaji kufanya nini zaidi? Achanjwe?

Na hii mambo ya "maisha ilimbana". Niulize wewe uliyeandika njaa: wewe uliachaje kanisa? Sema ukweli. Ulikaa chini na daftari ukapima hoja za Thomas Aquinas moja baada ya nyingine? Stori zetu zinajulikana. Mathe alilala hospitali, kanisa zima likaomba, hakuamka. Pasta alinunua gari kubwa mwaka ule ule wewe ulirudishwa nyumbani kwa karo. Mzee wa kanisa alimfanyia dadako kitu na familia ikanyamaza. Uliumia kwanza. Hoja zilikuja nyuma.

Yangu ilianza na bahasha. Nilikuwa na miaka 14. Tulikuwa na deni la duka, unga, mafuta, sukari, vitu vya kawaida. Mathe akatoa ile pesa ya deni akaiweka kwa bahasha ya sadaka kwa sababu mhubiri alikuwa ameahidi itarudi mara saba. Haikurudi hata mara moja. Mwenye duka akatuwekea jina kwa ubao pale mbele, herufi kubwa, na mimi ndiye nilikuwa natumwa kununua mkate. Nikaanza kuuliza maswali nikiwa nimesimama mbele ya ule ubao. Vitabu nilivipata miaka mitano baadaye, na ndiyo, ni hoja nzuri, bado nazisimamia. Lakini nikidai kwamba mimi nilitoka kwa akili tupu na Mahiga akaingia kwa maumivu tupu, nitakuwa nadanganya kuhusu sisi wawili. Kama maumivu yanafanya imani ya mtu isihesabike, basi hata kutoamini kwangu kusihesabike, na kwako pia.

Sasa kuna mtu amekunja mikono anasema, buda, unaongea hisia, leta mantiki. Sawa.

Msee anakuambia hakuna Mluhya anakataa ugali. Unamwambia, jirani yangu ni Mluhya wa Vihiga, ugali hagusi, yeye ni wali tu. Anakujibu: basi huyo si Mluhya wa ukweli. Umeona vile amefanya? Alianza na dai ambalo unaweza kulipima, ukampa jirani mzima, na badala ya kukubali dai limeanguka akabadilisha maana ya Mluhya katikati ya mazungumzo. Sasa hawezi kushindwa tena. Hata umletee kijiji kizima cha watu wa wali, atakifuta.

Huo mchezo una jina, na mtu aliyeupa jina ni mwanafalsafa Mwingereza, Antony Flew. Yeye alitumia Mskoti badala ya Mluhya, kwa kitabu chake cha 1975 cha kufundisha watu kufikiri. Jina lake likabaki kwa kila darasa la mantiki duniani. Na huyu Flew ni nani? Mtoto wa mhubiri wa Methodist, aliyeacha kuamini akiwa na miaka 15, na ambaye kwa nusu karne alikuwa mmoja wa wakanamungu wakubwa zaidi wa falsafa ya Kiingereza. Si wa mitandao. Wa vitabu, wa midahalo, wa vyuo vikuu.

Mwaka wa 2004, akiwa na miaka 81, Flew akatangaza kwamba amekubali kuna Mungu.

Manze, soma tena. Yule aliyetufundisha kwamba huwezi kumtetea Mskoti wako kwa kumfuta kila Mskoti anayekuharibia hesabu, yeye mwenyewe ndiye akageuka huyo Mskoti. Na unajua watu wa upande wetu walisema nini? Amezeeka. Ametumiwa. Hayuko sawa.

Nitakuwa mkweli hapa, kwa sababu kesi ya Flew si safi na sitaki mtu aje kunichoma na nusu ya stori. Mungu aliyemkubali hakuwa wa Biblia wala wa Kurani. Alikuwa zaidi Mungu wa Aristotle, chanzo cha kwanza, asiyejibu maombi. Flew hakukubali kuna maisha baada ya kifo. Sababu yake kubwa ilikuwa ugumu wa kueleza uhai na DNA vilivyoanza, na wanabiolojia walimwonyesha kwamba baadhi ya hizo hoja zilikuwa na mashimo. Kitabu kilichotoka 2007 kwa jina lake kiliandikwa pamoja na mtu mwingine, na mwandishi wa New York Times aliyemtembelea mwaka huo alimkuta mzee anayesahau, na sehemu kubwa ya kitabu haikuwa imeandikwa kwa mkono wake. Hiyo ni kweli, na waliofanya hivyo wana aibu yao. Flew alisema kitabu kinabeba mawazo yake. Alikufa 2010. Lakini kumbuka mpangilio wa miaka: tangazo lilikuja 2004, kitabu 2007. Huwezi kutumia kumbukumbu ya 2007 kufuta kauli ya miaka mitatu kabla. Unaweza kusema alikosea. Mimi nasema alikosea! Kusema alikosea ni kumheshimu. Kusema hakuwahi kuwa mkanamungu ni kumnyang'anya miaka yake hamsini.

Kuna huyu mwingine mnamjua kwa sinema, C. S. Lewis wa Narnia. Alizaliwa Belfast 1898, mamake akafa kwa saratani 1908, na kufikia ujana wake alikuwa mkanamungu mkali. Akaenda vita ya kwanza ya dunia, akajeruhiwa Ufaransa 1918. Akarudi, akawa mwalimu Oxford. Karibu mwaka wa 1929 akakubali kuna Mungu, Mungu tu, si Yesu, na mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliingia shingo upande kabisa. Miaka miwili tena ikapita. Septemba 1931 akatembea usiku mpaka saa za alfajiri akibishana na marafiki wawili, mmoja wao Tolkien, yule wa Lord of the Rings. Siku chache baadaye kakake akambeba kwa kiti cha pembeni cha pikipiki kwenda kuona wanyama Whipsnade. Wakati wanatoka alikuwa haamini Yesu ni mwana wa Mungu. Wakati wanafika, anaamini. Hakuna sauti ya mbinguni. Pikipiki.

Nawapa hii kwa sababu ya mwendo wake. Sisi tunafikiriangi kuokoka ni kitu cha dakika tano: muziki wa kinanda, pasta anasema inua mkono, unaanguka. Kumbe mwingine anachukua miaka, anarudi nyuma, anabisha, anasoma, na siku ya mwisho anagundua tayari ameshafika. Usiniambie hiyo ni kupoteza akili. Mimi kuacha kwangu kulienda hivyo hivyo.

"Lakini Lewis alilelewa Mkristo, so alirudi tu nyumbani." Aya. Na nani hapa Kenya hakulelewa kwa dini? Mimi nilikuwa malaika kwa mchezo wa Krismasi, mabawa ya katoni na gundi. Ukisema aliyekulia kanisani hahesabiki, umefuta karibu wakanamungu wote wa hii nchi kwa sentensi moja.

Wa mwisho ni wa nyumbani zaidi, na ndiye anayeniudhi zaidi. Ayaan Hirsi Ali alizaliwa Mogadishu 1969, na familia yake ikahamia hapa Nairobi akiwa mtoto. Alisoma sekondari hapa, shule ya wasichana Waislamu. Mwaka wa 1992 akaenda Uholanzi, akawa mbunge, na 2002 akaacha dini kabisa. Sasa mnaosema mkanamungu wa ukweli ni yule aliyelipa gharama, sikizeni gharama: alitengeneza filamu fupi na Theo van Gogh kuhusu wanawake katika Uislamu, na mwaka wa 2004 van Gogh akauawa barabarani Amsterdam. Barua ya kumtishia Ayaan ikaachwa imechomekwa kwa mwili wa marehemu na kisu. Akaishi na walinzi. Akakaa jukwaa moja na kina Richard Dawkins. Kisha Novemba 2023 akaandika kwamba sasa yeye ni Mkristo.

Nikisoma ile makala yake nilichukia. Sehemu kubwa ilikuwa siasa: Urusi, China, Waislamu wenye msimamo mkali, ustaarabu wa Magharibi unahitaji Ukristo ndio usimame. Nikajiuliza, sasa hii ni imani ama ni ukuta? Mtoto wa Mogadishu na Nairobi anatuambia Mungu ni mali ya Ulaya? Ukristo ulikuwa Misri na Ethiopia wakati babu za hao Waingereza bado hawajausikia. Na kuhusu Yesu mwenyewe, kufufuka, msamaha, alisema kidogo sana, ingawa pia aliandika kwamba maisha bila faraja ya kiroho yalikuwa yamemshinda kubeba. Dawkins akamwandikia barua ya wazi, na kwa ufupi alikuwa anasema haamini kwamba anaamini.

Lakini mwaka uliofuata wakakaa pamoja New York, mbele ya watu. Ayaan akaeleza mambo ambayo hakuyaweka kwa makala: giza la moyo, wasiwasi, kutafuta msaada kwa wataalamu na kutopona, mpaka siku moja akaomba. Na Dawkins, mzee wa watu, akakubali hadharani kwamba alikuja akiwa tayari kumshawishi kuwa yeye si Mkristo, lakini baada ya kumsikiza anaona kweli ni Mkristo. Halafu akamwambia Ukristo wenyewe ni upuuzi.

Hiyo ndiyo adabu ninayoitafuta! Umeamini, nimekubali umeamini, na nadhani umekosea, tuendelee kuongea. Dawkins, ambaye watu wanamwona mkali kuliko wote, aliweza. Sisi na ukurasa wa wafuasi elfu kumi na moja tulishindwa.

Naye Flew, turudi kwake kidogo, kuna swali aliwatupia waumini 1950, kwa hotuba fupi sana iliyotokana na klabu moja pale Oxford ambayo rais wake, cheki hii, alikuwa huyo huyo Lewis. Aliwauliza: ni kitu gani kingetokea ndio ukubali kwamba Mungu hayuko, ama hakupendi? Kwa sababu kama hakuna kitu chochote, mtoto anakufa kwa saratani na bado unasema ni upendo, basi maneno yako hayasemi lolote. Hilo swali mimi na beshte yangu tulilitumia mpaka likachakaa. Tuliwaulizia wahubiri wa matatu, tukawaulizia wa kwa simu.

Sasa ligeuze. Ni kitu gani kingetokea ndio wewe ukubali kwamba Mungu yuko? Ukijibu hakuna, hakuna kabisa, hata iweje, basi wewe si mtu wa ushahidi. Wewe ni muumini wa kanisa ambalo halina sadaka. Na ukijibu kuna kitu, chochote, hata kidogo, basi tayari umekubali kwamba mkanamungu wa ukweli anaweza kuamini kesho. Chagua. Mimi jibu langu ninalo na sitaliandika hapa, kwa sababu mtaanza kulijaribu.

Najua mwingine atasema imani haichaguliwi. Huwezi kuamka ukaamua leo naamini kuna ng'ombe kwa mwezi. Kweli, na hata mimi siwezi kuamua usiku huu niamini. Lakini huwa unachagua unakaa wapi, unasikiza nani, unasoma nini, unaangalia nini kwa muda mrefu, na hivyo vitu vinakusukuma pole pole bila kukuuliza. Ndivyo mimi nilitoka. Kuanzia miaka 14 mpaka 19 nilikuwa nakaa na maswali. Yeye miaka miwili ya mwisho alikuwa anakaa kwingine, na sikuwa najua.

Hapo kabla ya kufika kwake, wacha niwapige waumini kidogo, mmekaa raha sana.

Mnapompata mtu kama huyu mnafanya nini? Mnampa maikrofoni. Jumapili ya pili tu beshte yangu aliambiwa atoe ushuhuda, na kiongozi mmoja akamshauri aseme alikuwa anamwabudu shetani, eti stori itabamba. Akakataa. Akawaambia hatukuwahi kumwabudu mtu yeyote, tulikuwa tunakunywa chai na kubishana. Lakini hii nchi imekuwa na huo ugonjwa kitambo. Rais Moi aliunda tume nzima mwaka wa 1994 kuchunguza ibada ya shetani. Kwenu mtu asiyeamini hawezi kuwa ameketi tu akafikiri. Lazima kuna nyoka, pete, na pesa chini ya bahari. Na beshte yangu akiondoka kanisani kwenu miaka mitano ijayo mtasema nini? Nitawasaidia: "Hakuwahi kuokoka kikweli." Ni komenti ile ile. Mmebadilisha tu jina la timu.

Haya. Nilimpigia baada ya wiki sita. Nilidhani amenizuia, kumbe alikuwa hajanizuia, alikuwa tu hajibu. Akashika. Nikaomba msamaha, akasema sawa, na tukanyamaza vile wanaume wananyamaza kwa simu mpaka nikaogopa kredito. Ndio nikamuuliza, ilianzaje?

Shosho yake. Goti la shosho liliharibika na hakuwa na mtu wa kumpeleka kanisani, so kila Jumapili yeye ndiye alikuwa anamshika mkono mpaka huko, kama dakika ishirini za kutembea, na badala ya kukaa nje kwa jua akaingia akae nyuma. Mwanzo alikuwa anaandika kwa simu makosa ya mahubiri, apeleke kwa ukurasa wetu. Kumbuka zile video zetu zilizofanya vizuri sana? Zilitoka kwa benchi la nyuma la kanisa la shosho. Baada ya muda akaacha kuandika. Hakuna mtu alimponya. Hakuna mtu alimwahidi pesa, na hiyo kanisa hata kapeti haina. Akaanza kusoma Injili kwa makini ya kutafuta makosa, akayapata, akaniletea mengine, lakini akasema kuna kitu hakikuisha hata baada ya makosa. Nikamwambia hicho kitu kinaitwa kuzoea. Akasema inawezekana, alilifikiria hilo miezi mingi kabla hajaingia kwa maji, na bado aliingia.

Nikamuuliza mbona hukuniambia. Miaka miwili, buda. Tulikuwa tunalala chumba kimoja sehemu ya hiyo miaka.

Akasema, "Nilikuwa nakuogopa."

Sijui kama mnaelewa vile hiyo inakaa kwa mtu. Kwa sababu mimi nilitoka kanisani nikikimbia kitu hicho hicho. Nilikaa miaka mitatu nikimwambia mathe naenda ibada na naenda kukaa steji, kwa sababu nilimwogopa. Nikajenga ukurasa wa watu wanaoogopa mathe zao. Na ndani ya huo ukurasa, kwa godoro moja na mimi, mtu anaficha Biblia kwa simu chini ya jina la programu ya kikokotoo.

Ukurasa bado uko. Nimeuliza kama anataka jina lake litoke kwa video za zamani, akasema ziache, alikuwa anaamini alichokuwa anasema. Kwa hivyo ziko pale, anawapasua wahubiri vizuri kuliko mimi, na ukienda kumwandikia chini kwamba alikuwa anaigiza nitakufuta mimi mwenyewe.

Jumapili hii anapitia kwangu akitoka kanisani, baada ya kumfikisha shosho. Nimemwambia alete chapo nne, madondo ninayo. Nina maswali kuhusu kitabu cha Ayubu, hasa ile mwisho ambapo anapewa watoto wengine kana kwamba wale wa kwanza walikuwa kuku, na hatoki hapa kabla hajajibu.